Isetta ya baba wa jirani: skeli, fiba na ule mlango wa mbele

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni seremala hapa Malindi, kazi yangu vitanda na meza za hoteli. Jirani yangu ni mzee wa Kiitaliano aliyekuja zamani kufanya kazi kituo cha roketi cha San Marco kule Ngomeni. Anataka nimuundie mfano wa Isetta, kigari ambacho baba yake alikuwa nacho, na amenipa picha tatu kwenye simu. Anataka mlango wa mbele ufunguke na usukani utoke nao. Nasikia wewe huko Lamu huunda mifano ya majahazi na magari. Nitumie skeli gani? Mbao au fiba? Mlango niufanyeje? Na niweke taa zinazowaka?

Jibu: Waalaikum salaam, fundi mwenzangu. Nitakujibu yote, ila nianze na swali ambalo hukuniuliza: ni Isetta ipi? Jina ni moja, magari ni kadhaa, na mteja wako ni mtu aliyezoea kazi za roketi. Mtu wa namna hiyo atahesabu skrubu.

Asili yake ni Italia. Kampuni ya Iso, ya Bresso pembeni mwa Milano, ilikuwa ikiunda friji, ikaingia kwenye skuta na pikipiki, na mwishoni mwa 1953 mwenye kampuni, Renzo Rivolta, akaionyesha Isetta mjini Torino. Mhandisi aliyeibuni ni Ermenegildo Preti. Ilikuwa na injini ya cc 236 ya mipigo miwili, kiti kimoja kirefu, na mlango mmoja tu, usoni. BMW ya Ujerumani ikanunua haki ya kuiunda, ikatia injini ya pikipiki yake ya cc 247, baadaye 298, na kati ya 1955 na 1962 ikatoa zaidi ya 161,000. Mtego uko hapo. Ukitafuta picha za Isetta kwenye simu, nyingi mno ni za BMW. Ukizifuata hizo, kumbe baba yake mzee alikuwa na Iso, utakuwa umemuundia gari la jirani yao.

Na BMW haikubandika nembo tu. Ilibadilisha mengi ili injini yake iingie, hata vipande vingi vya moja havikai kwenye nyingine. Angalia taa kubwa zilivyoshikizwa ubavuni. Angalia madirisha: BMW za mwanzo zina vioo vilivyovimba, na mwisho wa 1956 zikaja zenye vioo vya pembeni vya kutelezesha. Picha ikiwa na mlango wa ubavuni, hiyo ni BMW 600 ya 1957, ndefu zaidi, ya watu wanne, iweke kando. Zile za Uingereza zilizoundwa Brighton nyingi zina gurudumu moja nyuma, na zenye usukani wa kulia bawaba za mlango zimehamia upande wa pili. Za Romi, zilizoundwa Brazil kuanzia 1956, zinafuata Iso, kwa hiyo picha zake zinaweza kukufaa pale za Iso zinapokosekana.

Basi kaa na mzee mnywe kahawa. Mwulize mwaka, rangi, na kama kuna picha ya nyumbani iliyobaki kwenye albamu ya dada yake au ya binamu. Mwulize pia namba ya gari. Namba za Italia za wakati ule zilianza na herufi za mkoa, MI kwa Milano, TO kwa Torino, na wazee wa umri wake husahau walichokula jana lakini namba ya gari la baba hawaisahau. Kibao kimoja cha milimita chache chenye namba sahihi kitamgusa kuliko injini nzima.

Sasa hizo picha tatu. Usipime chochote juu yake kabla hujazijaribu. Isetta ya BMW ina urefu wa mita 2.285, upana 1.38 na kimo 1.34, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.5. Iso iko karibu sana na hapo. Chukua picha ya ubavu, pima kwa rula kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, kisha pima gari zima, ugawanye cha kwanza kwa cha pili. Ukipata 0.65 au 0.66, picha imenyooka, itegemee. Ukipata kilicho mbali na hapo, mpigaji alisimama karibu mno au alikaa mshazari. Kipo na kipimo cha pili, cha macho tu. Magurudumu yote manne yana saizi moja, ila ya nyuma yamejificha ndani, kila moja sentimita 34 hivi kutoka usawa wa la mbele. Gurudumu la nyuma likionekana dogo waziwazi kuliko la mbele, kamera ilikuwa puani mwa gari, na picha hiyo itakupa pua iliyovimba kuliko ilivyo. Itumie kwa rangi na vikorokoro, si kwa umbo.

Skeli nakushauri moja kwa kumi. Wenye kununua sehemu zilizo tayari hufuata 1/8, 1/12, 1/18 au 1/24, kwa kuwa ndizo zinazouzwa. Wewe hununui, unaunda kila kitu, na mita yako ni ya seremala. Kwa 1/10 unasogeza nukta tu: urefu milimita 228.5, upana 138, kimo 134, ekseli hadi ekseli 150. Magurudumu ya mbele yanaachana kwa 120, ya nyuma kwa 52. Hiyo 52 usiiguse. Wengi wakiiona huipanua, wakidhani aliyepima alikosea. Magurudumu ya nyuma yaliwekwa karibu karibu makusudi, ili gari liende bila difu (gia zinazoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti), na ndiyo yanayoipa Isetta mgongo wake ule mwembamba. Tuktuk za mjini kwako zitakusaidia kuona raba ya kioo inavyokaa au kifutio kinavyoshikwa, lakini usichukue kipimo cha tairi kwao: rimu zao ni za inchi 8, za Isetta ni za inchi 10.

Mbao au fiba? Zote mbili, kila moja na mahali pake. Bodi ya Isetta ni yai, huwezi kuweka kiganja mahali kikalala bapa. Ukiichonga kwa mbao na kuikomba ndani hadi unene wa milimita mbili, itapendeza karakanani kwako wakati wa kaskazi. Kusi likija na unyevu wake, mbao itajaa na mlango utakwama. Mzee akiichukua kwenda Italia, kwenye nyumba inayowashwa hita miezi ya baridi, itakauka na kupasuka kwenye nguzo za kioo, pembamba kuliko kote. Kwa hiyo mbao iwe fomu, yaani kalibu ya kufunikia, fiba iwe ngozi.

Kwa fomu, mwembe unatosha. Ni laini, unachongeka upande wowote, na bei yake haina uchungu. Wadudu wakiula baadaye si neno, maana fomu haiendi kwa mteja. Usipoteze mbambakofi wala mvule hapa.

Usianze na gogo. Chukua mbao za milimita 20, zipige randa, gundisha tabaka juu ya tabaka, nusu ya kushoto peke yake na nusu ya kulia peke yake. Kisha unganisha nusu hizo mbili kwa gundi ya mbao, katikati umeweka karatasi ya gazeti. Karatasi itashika vizuri wakati wa kuchonga, na siku ukitaka kuzitenganisha, patasi nyembamba na nyundo ya taratibu zinatosha. Mistari ya gundi kati ya tabaka ndiyo pimamaji yako ya kudumu. Unapochonga, kila mstari hujitokeza na umbo lake, na wa kushoto ukitofautiana na wa kulia unauona papo hapo. Mafundi wa Matondoni huitoa jahazi nzima kwa jicho, bila karatasi, na watu wametoka mbali kuja kuwatazama. Lakini jahazi likizidi upande mmoja kwa inchi, bahari haisemi kitu. Bodi ya sentimita 14 ikizidi kwa milimita moja, kila anayeitazama anahisi kuna kasoro hata kama hawezi kuionyesha kwa kidole.

Kwa hiyo hapa jicho lipumzike, vigezo, yaani vipande vya kupimia umbo, vifanye kazi. Vikate kwa bati la debe la mafuta ya kupikia: kimoja cha urefu mzima kupita katikati, vingine vya mkato, kila baada ya milimita 25, na pale umbo linapogeuka haraka, yaani puani na juu ya magurudumu ya mbele, viweke karibu zaidi. Cha mkato kata nusu tu. Kigezo hichohicho ukipime kushoto, ukigeuze, ukipime kulia. Hapo pande mbili haziwezi kugombana.

Kuna jambo moja huwaangusha hata mafundi wazuri. Fomu lazima iwe ndogo kuliko gari, kwa sababu fiba itaongeza unene wake, tuseme milimita 1.5 kila upande. Usipoipunguza, upana utakuwa 141 badala ya 138, sawa na gari la kweli kunenepa sentimita tatu. Chora umbo la nje, chora la pili ndani yake milimita 1.5 mahali pote, na ukate kigezo kwa lile la ndani.

Kuchonga kwenyewe hakuna siri. Paka ukingo wa kigezo masizi, kibonyeze kwenye mbao mahali pake, kisha kitoe. Palipoachwa peusi ndipo pamezidi. Paondoe kwa tupa, upake tena, ubonyeze tena. Mwanzo utapata nukta mbili tatu, kisha vipande vya mstari, na masizi yakishaandika mstari mzima kutoka juu hadi chini, hapo simama, hata kama mkono bado unataka. Maliza kwa msasa, 120 hadi 400, ziba vinyweleo kwa sanding sila, halafu nta ya sakafu mikono kadhaa, kila mkono ukausugua hadi ung'ae. Ukiibania nta, fiba haitatoka.

Rezini, ule ute unaoganda ukichanganywa na hadena, na nguo ya fiba utavipata kwa wanaotengeneza boti za uvuvi Malindi na Watamu. Chukua ile nguo nyembamba iliyofumwa, sio ule mkeka wa nyuzi zilizotawanyika. Mkeka ni wa boti, kwenye kitu kidogo huacha uvimbe. Fanya kazi alfajiri na uchanganye hadena kidogo kidogo, kwani jua la saa saba hukugandishia kopo mkononi. Vaa glavu na barakoa, na ukae nje penye upepo.

Ukiifunika fomu nzima kwa mara moja, ngozi haitatoka, maana bodi inarudi ndani juu na chini. Igawe kiunoni, pale palipo pana kuliko kote. Ngozi ya juu inatoka kwenda juu, ya chini kwenda chini. Mshono unaangukia karibu na ule mkanda wa pambo unaozunguka gari nyingi za aina hii, nao utaufunika. Kama gari la mzee halikuwa nao, bodi fila na msasa.

Tumefika mlangoni, na hapa sikuharakishi. Mlango usiuunde pembeni kisha ukaujaribisha. Ukate kwenye ngozi hiyohiyo baada ya juu na chini kuunganishwa, ndipo mviringo wake utakapokubaliana na bodi. Lakini fiba ina tabia ya kujifungua ikikatwa. Kabla ya msumeno, gundisha ndani ukanda wa mbao nyembamba au wa shaba pande zote mbili za mstari utakaokatwa, mmoja uwe fremu ya mlango, mwingine fremu ya bodi, ukauke usiku mzima. Kukata, tumia msumeno wa sonara, ule wenye uzi mwembamba. Njia yake ni kama nusu milimita, na nusu milimita kwenye 1/10 ni mwanya wa milimita tano kwenye gari la kweli, ambao ndio unaostahili. Msumeno wa kawaida utakuachia mwanya wa kupitisha kidole cha mtu wa skeli hiyo.

Bawaba ni mbili, na kwa gari lenye usukani wa kushoto ziko upande wa kushoto wa dereva. Lazima zote zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mstari huo upite nje ya uvimbe wa bodi. Ukizizamisha ndani zifuate mviringo, ukingo wa mlango utaumana na bodi kiunoni kila ukifungua. Tumia mirija midogo ya shaba. Pitisha waya mmoja ulionyooka, uliopakwa mafuta, kwenye mirija yote, gundisha kwa Araldite waya ukiwa ndani, na uutoe gundi ikishakamatana. Ukifanya bawaba ya juu leo na ya chini kesho, hazitaelewana.

Kisha usukani. Kwenye gari la kweli, usukani na dashibodi vimeshikana na mlango, na mhimili wa usukani una kiungo chini karibu na sakafu, ndiyo maana mlango ukifunguka vyote vinaondoka pamoja na kumwachia mtu njia ya kuingia. Kwenye modeli, chukua mirija miwili, mmoja uteleze ndani ya mwingine, na chini yake kipande kifupi cha ganda la waya wa umeme kiwe ndicho kiungo. Kinapinda kote bila kelele. Huko kuteleza si anasa. Kiungo kisipokaa juu ya mstari wa bawaba, umbali kutoka sakafuni hadi dashibodi hubadilika mlango unapozunguka, na mhimili usioweza kurefuka utaurudisha mlango au utang'oa sakafu. Kadiri unavyokisogeza kiungo karibu na mstari wa bawaba, ndivyo mhimili unavyohitaji kuteleza kidogo. Jaribu kwanza kwa boksi la kadibodi, pini mbili na mrija wa soda. Utajua kiungo kikae wapi kabla hujatoboa kitu cha maana.

Vioo ni rahisi kuliko vinavyoonekana, na hapa fomu inakulipa mara ya pili. Chupa ya soda ya lita mbili, ukiivuta juu ya mbao na kuipuliza joto la hita ya kuchomea rangi, hujikunja na kuishika mbao kama ilivyo. Ipashe juu ya fomu, ikipoa ikate. Kwa kuwa fomu ni saizi ya ndani ya ngozi, kioo kitalala sawasawa nyuma ya tundu lake bila kulazimishwa. Chagua chupa isiyo na rangi wala michirizi, na usikaribishe joto mahali pamoja, itageuka nyeupe.

Yaliyobaki nayapitia mbio. Tairi zikereze kwa mpingo, vipande vidogo utavipata kwa wachongaji wa vinyago hapo kwako. Upana milimita 12, kipenyo karibu 50, umalizie kwa msasa 400 na usiung'arishe, ubaki mweusi uliofifia. Ndani hakuna mengi: kiti kimoja, mkono wa gia ukutani kushoto, spidomita. Paa la turubai lifanye kwa melimeli nyembamba iliyoloweshwa gundi nyeupe yenye maji. Turubai la kweli nyuzi zake ni nene mno. Kwa sehemu za kroma tumia waya wa alumini uliosuguliwa. Usishawishike na fedha ya sonara, hewa yetu ya chumvi huifanya nyeusi.

Rangi ipulize asubuhi umande ukishakauka na kabla upepo haujainuka. Kukiwa na mvua hewani usiguse bunduki ya rangi. Rangi ya selulosi hupata ukungu mweupe ikikaukia kwenye unyevu. Punguza ukali wa rangi kwa tone la nyeupe, kwani rangi ya gari kubwa ikiwekwa kwenye kitu kidogo huonekana nzito, na usimwage vanishi nzito juu yake, itakuwa kitu cha dukani cha watoto.

Taa zinazowaka, mimi nasema hapana. Balbu ndogo si tatizo, ila betri lazima ikae mahali, na mahali penyewe ni chini ya kiti, kwenye hewa ya Malindi. Ikivuja itakula waya, kisha sakafu, na kuifikia utabomoa. Kunja kipande cha foili kama kibakuli, dondosha juu yake rezini angavu, acha igande. Ikiwa dirishani itapokea mwanga yenyewe. Mzee akishikilia, mtoze bei yake mbali, na betri uifiche kwenye ubao wa kuwekea gari, waya upite ndani ya gurudumu la nyuma.